HAJA KUBWA MLIMANI: KUTOKA SHIMO HADI MFUKO (Sehemu ya 6)

Wapendwa, mada ya leo inanuka kidogo, vumilieni.

Sheria ya kuchimba shimo ni ya zamani kuliko unavyodhani. Fungua Kumbukumbu la Torati 23: jeshi la Israeli linaambiwa litenge mahali nje ya kambi, kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, na akimaliza afukie. Bakteria walikuwa hawajulikani bado, jamani!

Majeshi ya baadaye yalilipia uzembe. Mwaka 1900, kwenye vita vya Afrika Kusini, askari wa Uingereza walikunywa maji ya mto Modder huku kambi ya adui na mizoga vikiwa juu yao mtoni. Walipofika Bloemfontein, homa ya matumbo ikawalaza kwa maelfu. Katika vita vile, maradhi yaliua Waingereza wengi kuliko risasi. Na homa hiyo si ya kuchezea. Utumbo unaweza kutoboka kabisa.

Wapanda milima wa leo nao wanafundishwa shimo: sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, mita 60 kutoka kwenye maji (hatua kama 80 hivi), fukia, karatasi rudi nayo. Mbona lisiwe refu zaidi? Kwa sababu vijidudu vinavyoozesha kinyesi vinaishi udongo wa juu, wenye mboji. Ukizidisha kina, umekihifadhi tu.

Sasa panda juu, kwenye mawe na barafu. Udongo huo haupo, baridi inazuia kuoza. Kule Denali, Alaska, kwa miaka mingi watu walitupa kinyesi kwenye nyufa za barafu wakidhani kimeisha. Kumbe barafu inatembea, inashuka nacho taratibu. Siku hizi wanapewa makopo maalumu ya kubebea. Everest nao, mwaka 2024, serikali ya mtaa ikaagiza kila mpandaji awe na mifuko ya kurudi na kinyesi chake.

Kwetu Kilimanjaro kambi zina vyoo vya shimo, na wageni wengine huja na choo cha kubebeka, mpagazi anakibeba. Ila tatizo ni njiani, kati ya kambi na kambi: mtu anabanwa, anajificha nyuma ya jiwe, anaacha na karatasi juu. Mvua ikinyesha, inashuka. Chini kuna mifereji ya Wachaga, kuna watoto wanachota.

Kwa hiyo ukipanda, beba mifuko miwili inayofungika na sabuni. Na mpagazi wako muulize kama naye ana pa kunawia.

Sehemu ya 7: kuhara ukiwa safarini, na namna ya kuchanganya ORS.