Mwandamo wa mwezi kwa Wayahudi: maana yake na historia yake

Katika Wakolosai 2:16 mtume Paulo anataja sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato. Sikukuu na sabato tunazifahamu. Mwandamo wa mwezi wengi wetu tunaupita haraka, na mtu akituuliza ulikuwa nini, tunabaki kimya. Basi tuuangalie.

Kiswahili chetu kina neno moja, "mwezi", kwa ule unaong'aa usiku na kwa siku zile thelathini tunazohesabu. Kiebrania kinatenganisha. Ule wa angani ni yareah. Ule wa kuhesabu ni hodesh, neno lililotoka katika shina lenye maana ya "mpya". Siku ya kwanza huitwa Rosh Hodesh, yaani kichwa cha mwezi.

Amri ya kuhesabu miezi ilitolewa Israeli wakiwa bado Misri, kabla hawajatoka (Kutoka 12:2). Walimu wa Kiyahudi wamelitafakari jambo hilo sana: mtumwa hana kalenda yake, siku zake ni za bwana wake. Baadaye Hesabu 28:11-15 inaagiza sadaka za siku hiyo: ng'ombe dume wadogo wawili, kondoo dume mmoja, wana-kondoo saba, pamoja na beberu wa sadaka ya dhambi. Tarumbeta zilipigwa (Hesabu 10:10). Mfalme Sauli alifanya karamu, na kiti cha Daudi kikabaki wazi (1 Samweli 20). Watu walikwenda kwa nabii. Ndiyo sababu mume wa yule mwanamke wa Shunemu alishangaa mkewe kusafiri siku isiyo mwandamo wala sabato (2 Wafalme 4:23). Wafanyabiashara nao walifunga, na Amosi 8:5 inawaonyesha wakingoja kwa hamu siku ipite wakauze nafaka kwa vipimo vya udanganyifu.

Lakini siku yenyewe ilijulikanaje? Mwezi huzunguka kwa muda wa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo mwezi wa kalenda huwa na siku 29 au 30. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilika karibu mwaka 200, inaeleza kwamba watu walioona mwezi mwembamba walikuja Yerusalemu kutoa ushahidi. Waliruhusiwa kusafiri hata siku ya sabato, na waliandaliwa chakula kizuri ili wazoee kuja. Wacheza kamari na wakopeshaji kwa riba hawakupokelewa kuwa mashahidi. Waamuzi waliwahoji mmoja mmoja: uliuona upande gani, juu kiasi gani, umeelekea wapi? Ushahidi ukikubalika, mkuu wa baraza alitangaza kwamba siku imetakaswa, na watu wote wakaitikia.

Kisha moto uliwashwa juu ya Mlima wa Mizeituni, na kutoka kilima hadi kilima habari ikafika hata Babeli. Wasamaria walipoanza kuwasha moto wa uongo ili kuwachanganya, wajumbe wakatumwa. Mjumbe hawezi kufika kila mahali kwa wakati, na ndiyo maana Wayahudi wa mbali walianza kushika sikukuu siku mbili badala ya moja. Wengi wanaoishi nje ya Israeli wanafanya hivyo hata leo.

Kuna kisa kimoja ambacho sisi tunakiona kizito kuliko vyote. Baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70, baraza lilikuwa Yavne chini ya Gamalieli, mjukuu wa yule aliyemfundisha Paulo. Aliwakubali mashahidi wawili, lakini usiku uliofuata mwezi haukuonekana. Rabi Dosa akasema ni mashahidi wa uongo, na Rabi Yoshua akamuunga mkono. Gamalieli akamwamuru Yoshua aje kwake na fimbo na fedha yake katika siku ambayo, kwa hesabu ya Yoshua, ilikuwa Siku ya Upatanisho. Hebu fikiri: kubeba fedha siku takatifu kuliko zote! Dosa mwenyewe ndiye aliyemshauri akubali, kwa maana tukilihoji baraza hili itatubidi tuyahoji yote tangu Musa. Yoshua akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa utii.

Siku hizi mashahidi hawapo tena. Mapokeo yanasema Hilleli wa Pili aliweka kalenda ya hesabu karibu mwaka 359: katika kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi mmoja. Tofauti yao na jirani zetu Waislamu wa Kindu na Kasongo iko hapo, kwa kuwa hao mwezi wao wa Ramadhani huzunguka majira yote, bali Pasaka ya Wayahudi hubaki majira ya machipuko.

Leo Rosh Hodesh si siku ya kuacha kazi. Katika sinagogi husomwa Hesabu 28 na baadhi ya zaburi za sifa. Wanawake wengi wana desturi ya kupumzika kidogo. Mapokeo yanasema ni thawabu, kwa kuwa wake wa Israeli walikataa kutoa mapambo yao kwa ajili ya ndama wa dhahabu. Siku chache baadaye, mara nyingi Jumamosi usiku baada ya sabato kwisha, watu hutoka nje mwezi unapoonekana vizuri. Hawauombi mwezi, wanamshukuru aliyeuumba, kisha wanageukiana na kutakiana amani.