Rangi za Mahekalu ya Kale

Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walipochora mahekalu ya Wayunani wa kale, waliyachora meupe. Magofu waliyoyaona yalikuwa mawe matupu, nao wakadhani ndivyo yalivyojengwa. Hawakukumbuka kwamba jua na mvua ya miaka zaidi ya 2,000 hufuta rangi.

Mwaka 1823 Jacques Ignace Hittorff, msanifu wa majengo kutoka Paris, alifika kisiwa cha Sisilia. Huko Selinunte, katika kifusi cha hekalu dogo, alikuta vipande vya lipu vyenye mabaki ya rangi. Aliporudi alichora hekalu zima likiwa limepakwa manjano, nyekundu na buluu. Mabishano makali yakazuka. Wengi walichukizwa, kwa kuwa weupe ndio walioupenda.

Je, nani aliyesema kweli? Wayunani walipaka rangi, hilo limethibitika. Mwaka 2009 uchunguzi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza ulionyesha buluu ya Kimisri juu ya sanamu za Parthenon, isiyoonekana kwa macho. Lakini Hittorff naye alipita kiasi: kwa vipande vichache alipaka jengo zima, hali wataalamu wengi wa leo huona kwamba sehemu kubwa ya kuta na nguzo iliachwa nyeupe.

Basi, ewe msomaji, uchorapo jengo, usiyaulize macho yako yapenda rangi gani. Liulize jiwe, iulize lipu. Na visipojibu, usivisemee.