Picha, Neno na Namba

Mtu aliyezaliwa Kisiba, katika nchi ya Rungwe, huujua mgomba kabla ya kujua jina lake kwa lugha ya kigeni. Siku hizi akiandika neno asilolijua katika intaneti, huletewa picha tele kwa mara moja. Wengi hudhani kuwa njia hii ilizaliwa juzi, kumbe asili yake ni ya zamani.

Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, kilipigwa chapa kitabu cha Comenius kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Masomo yake yalikuwa na picha na maelezo kwa Kilatini na Kijerumani. Comenius alikuwa askofu wa Ndugu wa Bohemia, ambao ni asili ya Kanisa la Moravian. Wamisionari wa Kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891.

Busara ya kitabu kile ilikaa katika tarakimu. Sehemu za picha zilitiwa namba, na namba zile zile zikawekwa kando ya maneno yake, mwanafunzi hakubahatisha. Picha tupu ya mgomba haisemi kama neno lililotafutwa ni mgomba wenyewe, mkungu, ndizi au jani. Abahatishaye huweza kujifunza kosa, na kosa lililoingia kwa macho ni gumu kutoka.

Basi chombo kipya kisifiwe kwa wepesi wake. Lakini mwanafunzi wa Kisiba atafanya vema akiazima namba za Comenius: achore mgomba wake, autie tarakimu, kisha aandike majina kwa lugha zake zote.