Matuta ya Mlalo: Funzo kwa Sisi Tunaochangia

Wazee wetu wa Usambaa walipima utawala kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ikinyesha na chakula kikipatikana, mtawala alihesabiwa ameiponya nchi.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo. Hatari ilikuwa ya kweli: watu walikuwa wameongezeka, miteremko imelimwa, na masika udongo ulishuka kuelekea Mto Umba. Mwaka 1950 mpango ukapanuliwa nje ya Mlalo. Wakulima waliamriwa kupiga matuta mashambani, na asiyepiga alitozwa faini. Kazi hiyo ya jembe la mkono iliwaelemea zaidi akina mama, ambao tayari walikuwa na kilimo, kuni na watoto. Mazumbe walipewa jukumu la kusimamia amri, na wananchi wakaona kwamba sasa wanaiharibu nchi. Hasira ile iliwasogeza wengi TANU, iliyoundwa mwaka 1954. Kabla ya uhuru, matuta ya lazima yaliachwa.

Udongo haukuacha kushuka. Mwaka 1981 mradi wa SECAP, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ulianza wilayani Lushoto. Ulihimiza kupanda miti na safu za majani ya Guatemala kukingama mteremko, na kufuga ng'ombe zizini. Majani yaliyozuia udongo ndiyo yaliyolisha ng'ombe. Ng'ombe akatoa maziwa, na samadi ikarudi shambani. Aliyeona faida hiyo nyumbani kwake hakuhitaji kutishwa kwa faini.

Ndugu zetu mlioko Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, michango yenu inahitajika sana, maana miteremko bado inapoteza rutuba. Lakini fedha inayotoka mjini na maagizo yake inaweza kugeuka matuta mengine. Kabla ya kununua hata mche mmoja, tuuulize mkutano wa kijiji, hasa akina mama wanaoshika jembe: tupande nini, wapi, na nani atavuna? Wakishajibu, tuchange bila kusita. Hapo tutakuwa tumeshiriki kuzifya shi.