Ngozi Yetu Katika Tangazo la Mavazi

Eldoret husifiwa kwa wanariadha na mahindi, lakini ni mji wa nguo pia. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa hapa mwaka 1975, kikayumba mitumba ilipofurika sokoni, kikafungwa, kisha Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007. Juni 2019 kilizinduliwa upya kikiwa na mitambo mipya. Kitambaa kikishafumwa lazima kitangazwe, na tangazo la nguo ni picha. Basi historia ya picha hizo inatuhusu, na ndani yake kuna jambo linaloniuma: namna ngozi nyeusi ilivyotendewa.

Mwaka 1911, Edward Steichen alipiga picha za magauni ya mbunifu Paul Poiret mjini Paris kwa jarida la Art et Décoration. Wengi huzihesabu kuwa mwanzo wa picha za mitindo za kisasa.

Huku kwetu, studio za picha ndizo zilizofundisha kazi hii. N.V. Parekh wa Mombasa aliwapanga wateja wake kwa uangalifu mkubwa: bega ligeuke wapi, taa ikae upande gani, vazi lianguke vipi. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye aliunganisha vipande vya picha hadi mtu akatokeza ndani ya ua. Hakuwa na kompyuta. Mhariri wa siku hizo aliinamia filamu na penseli iliyochongwa, akafunika kovu kwa nukta ndogondogo, kisha ndipo picha ikachapwa kwenye karatasi. Kazi ilihitaji jicho na subira, na mkono ukiteleza filamu imeharibika.

Lakini filamu yenyewe ilikuwa na upendeleo. Tangu miaka ya 1950 maabara za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi akabaki meno na macho, sura imemezwa na kivuli. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameonyesha kwamba waliosikilizwa mapema ni kampuni za samani na chokoleti, zilizolalamika kuwa rangi za kahawia hazitofautiani. Mbao zilitetewa kabla ya watu!

Programu ya kuhariri picha ya Photoshop ilipotoka mwaka 1990, penseli iliwekwa kando, ila tabia ya kuipendelea sura ya kizungu haikufa. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka mwigizaji Lupita Nyong'o kwenye jalada huku nywele zake zimepunguzwa na kulainishwa. Alipinga hadharani, na jarida likaomba radhi pamoja na mpigapicha. Lupita alisikika kwa sababu ni nyota. Binti anayevalishwa sare ya tangazo la duka hana sauti hiyo, ndiyo maana makubaliano kuhusu ngozi na nywele yafanywe naye kabla kamera haijatolewa mkobani.

Hapo ndipo mpango wa kupiga picha unapoanza. Eldoret iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, tena karibu na ikweta, kwa hiyo jua la saa sita huchimba vivuli vyeusi chini ya macho. Afadhali asubuhi mapema au alasiri, na ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni. Fundi cherehani awepo na pini, alibane gauni mgongoni. Kwenye fremu iachwe nafasi ya maneno ya tangazo, la sivyo yatatua juu ya kitambaa kinachouzwa.

Wakati wa kuhariri, kipande halisi cha kitambaa kiwekwe kando ya kioo cha kompyuta, na mwanamitindo aitwe aitazame picha kabla haijapelekwa kiwandani kuchapwa. Uzi unaoning'inia ufutwe, vumbi lifutwe, mkunjo wa pasi ufutwe. Rangi ya ngozi ya mwanamitindo ibaki ileile aliyokuja nayo studio, hata kama mteja analipa zaidi ili ipunguzwe.