Mzamiaji na baridi: kutoka Ghuba hadi Nyumba ya Mungu

Ukisimama Lang'ata, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, saa nane mchana, milima ya Upare ikiwa nyuma yako na vumbi la tambarare limekujaa miguuni, ukaambiwa kuwa mtu anaweza kutetemeka kwa baridi ndani ya bwawa hilo, utacheka. Bwawa lenyewe si la kale. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, pale mto Kikuletwa, uletao maji ya Kilimanjaro na Meru, unapokutana na Ruvu utokao Ziwa Jipe. Mwaka 1968 mitambo yake ya megawati 8 ikaanza kufua umeme. Perege wakazaliana, kambi za wavuvi zikaota kandokando, na mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha London wakaja kulichunguza.

Lakini muulize mvuvi wa kokoro aliyesimama majini hadi kifuani alfajiri ya Julai. Kokoro imepigwa marufuku, najua. Baridi yake haijapigwa. Mwili wa binadamu una nyuzijoto 37, na maji huunyonya joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Ndiyo maana hewa ya nyuzi 25 ni raha tupu, ilhali maji ya nyuzi hizohizo, ukikaa ndani saa nzima bila kujitikisa, yatakugonganisha meno. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, huo si usumbufu tena, ni hatari: mikono inakuwa mizito na akili inachelewa.

Kabla ya nguo za mpira na mitambo ya kuzamia, dawa ya mzamiaji dhidi ya baridi hiyo ilikuwa kalenda. Wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi, ambao miongoni mwao katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, walifanya kazi kubwa miezi ya kiangazi, maji yanapokuwa ya moto. Walizama kwa pumzi moja, wakapanda, wakapumzika, wakazama tena, siku nzima. Nguo nyepesi ya pamba waliyovaa ilikuwa ya kuwakinga na viwavi vya baharini. Joto hawakuwa na namna ya kulihifadhi.

Mtungi wa hewa wa Jacques Cousteau na Émile Gagnan ulipopatikana mwaka 1943, mzamiaji akaweza kukaa chini muda mrefu, na hapo baridi ikageuka kuwa adui mkuu. Jibu lilitoka kwa mwanafizikia, Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wenzake walihangaika kutengeneza nguo isiyopitisha maji. Yeye aliona kwamba si lazima mzamiaji abaki mkavu. Kinachozuia joto lisitoke ni viputo vya gesi vilivyofungwa ndani ya mpira wa povu, ule wa neoprini. Maji yakipenya kidogo, si neno, mradi yasizunguke. Bradner hakutajirika kwa ugunduzi huo. Waliofungua maduka California ndio waliouza.

Kwenye maziwa yetu nguo hiyo ilifika na watu wa kila aina. Mbelgiji Pierre Brichard alianza mwaka 1971 kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura, samaki wanaokamatwa kwa kuzamiwa kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni la ajabu: hata mamia ya mita chini, maji hayashuki chini ya nyuzi 23. Ziwa Victoria historia yake ni ya msiba. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wazamiaji walikuja kusaidia kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, fundi mmoja alitolewa hai na wazamiaji siku mbili baadaye. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na mji wa Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Sasa unene wa nguo hiyo. Mtalii atakayezama nusu saa kwenye maji ya nyuzi 26 atatosheka na milimita 3. Mpaka hapo wauzaji wako sahihi. Wasichokisema ni kwamba viputo vile husinyaa kadiri unavyoshuka: kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni karibu mara mbili ya juu, na nguo iliyokuwa nene ufukweni inakuwa nyembamba pale unapoihitaji zaidi. Ikipwaya ni kazi bure, maana maji yataingia na kutoka kila unapojipinda. Na maziwa yana mambo yake. Maji baridi, kwa maana ya yasiyo na chumvi, hukuelesha kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo uzito wa risasi unaofungwa kiunoni upunguzwe. Nyumba ya Mungu iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, Victoria mita 1,134, na ukivuka mita 300 majedwali ya kuzamia ya baharini hayafai tena bila kurekebishwa.

Mzamiaji wa uokoaji si mtalii. Hachagui saa wala msimu, hupapasa kwenye tope huku mwili umetulia, hupanda kwenye mtumbwi akiwa ameloa, upepo unampiga, kisha anarudi chini tena. Mwanga, Simanjiro na Moshi zinalizunguka bwawa hili. Siku halmashauri hizo zitakapoandika bajeti ya vifaa vya uokoaji, ziandike milimita 5 na kofia yake, zimpime kila mzamiaji kabla ya kununua, na zisikubali kuuziwa milimita 3 kwa kuambiwa Tanzania ni nchi ya joto.