Orodha ya Shangazi na Daraja la Kilifi

Wasee wangu, najua orodha ya kazi ni mada inayoboa. Nipeni dakika tatu tu.

Shangazi yangu ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mnarani. Kazi yake ni kutembea nyumba hadi nyumba: mama huyu aende kliniki Jumanne, mtoto yule hajamaliza chanjo, mzee wa pale ameacha dawa ya presha. Miaka kadhaa nyuma, mradi fulani uliwapa simu zenye programu ya kuwakumbusha hizo kazi. Akaweka daftari kabatini. Mradi ukaisha, simu zikakusanywa, orodha ikaenda nazo.

Nikamuuliza, "Shangazi, si ungeitoa kwanza?"

"Niitoe vipi, mwanangu? Mlango wa kutokea uko wapi?"

Alianza upya, nyumba baada ya nyumba. Kuna mtoto mmoja alipitwa na chanjo ya surua karibu miezi miwili kabla hajapatikana. Mambo haya si ya wataalamu wa kompyuta pekee, jamani.

Sasa kwani kuhamisha orodha ni kitu kigumu? Hapana. Jibu lilikuwepo wengine wetu hata hatujazaliwa. Novemba 1998, IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, ilitoa RFC 2445, yaani iCalendar. Wengi wanaijua kwa kalenda, lakini ndani yake mna kipande kinaitwa VTODO: kazi ni ipi, mwisho lini, ina uzito gani, imeisha ama bado. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma kwa macho. Mwaka 2009 ikaandikwa upya kama RFC 5545, na inatumika mpaka leo.

Lakini kampuni nyingi ziliona afadhali ukae ndani kwao. Chukua Wunderlist ya Berlin, iliyopendwa na mamilioni. Microsoft waliinunua 2015 wakaifunga Mei 2020. Watu waliweza kuhamisha orodha zao, sawa, lakini siku ya kuhama hawakuichagua wao.

Hapa Kenya historia hii ilipitia hospitali. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Huduma za Ukimwi zilipopanuka, mfumo ule ukalemewa. Ndipo mwaka 2004 ikaanzishwa OpenMRS, programu huria ambayo yeyote anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuitumia bure. Eldoret walianza nayo 2006, halafu ikasambaa nchi nyingi.

Mwaka 2011 Mwaustralia mmoja, Grahame Grieve, akaanza kubuni FHIR, lugha ya pamoja ya mifumo ya afya. Toleo la 2017 likaongeza fomu maalum ya kazi: nani ameomba, nani atafanya, inamhusu nani, imefika wapi. Hiyo "inamhusu nani" ndiyo tofauti kubwa. VTODO ilibuniwa na watu wa ofisini, haina nafasi maalum ya mtu ambaye kazi inafanywa kwa ajili yake. Kwa shangazi, huyo mtu ndiye kazi yenyewe.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na simu zenye mfumo wa eCHIS. Umejengwa juu ya Community Health Toolkit, ambayo nayo ni huria. Shangazi akiifungua asubuhi anakuta kazi za siku zimepangwa. Hapo napiga makofi.

Ila tusichanganye mambo mawili. Programu kuwa huria haimaanishi data yako inatoka ikisomeka kwingine. Programu ni chombo, fomati ni njia. Sisi watu wa Mnarani tunalielewa hili vizuri: kabla daraja kufunguliwa 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alifika hapa akangoja feri. Ikikwama feri, umekwama nawe. Daraja haliulizi umekuja na matatu, baiskeli au miguu.

Kuna atakayeniambia, "Ukifungua kila kitu, siri za wagonjwa zitaanikwa." Hofu hiyo ni ya haki. Lakini fomati wazi maana yake namna ya kuandika inajulikana na wote, si kwamba yaliyoandikwa yanaonekana na wote. Sote tunajua kusoma, na bado barua yako ni yako. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inakupa haki ya kupewa data yako kwa muundo unaosomeka na mashine. Haki ipo. Wanaoidai ndio wachache.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mradi ukija kijijini na simu mpya, swali la kwanza liwe: siku mkiondoka, hii orodha tunabaki nayo vipi? Wakishindwa kujibu, msitupe madaftari. Na wewe unayesoma, leo usiku jaribu kutoa orodha zako kwenye programu unayotumia, kisha uzifungue kwingine. Niambie kama zilifunguka.

Shangazi ana simu mpya na anaipenda. Daftari bado analo kwenye mkoba.